Sauti za Wanawake Kwenye Waya

Mwaka 1995, nikiwa na miaka kumi na moja, nilichukua redio kaseti ya mjomba bila ruhusa, nikatia kanda ya dakika sitini, nikaenda kuiweka nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani yetu pale Ng'ambo, Zanzibar. Ndani ya nyumba ile ilikuwa ngoma ya kibuki, ngoma ya mapepo. Bibi yangu alikuwa mmoja wa wateja wa kilinge hicho, yaani chama cha wenye mapepo hayo, na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kuingia. Tuliachiwa kusikia tu kupitia ukutani: akodiani ikizunguka pale pale, kayamba za bati, makofi, na wanawake wakiimba maneno ambayo wengine wao hawakuyajua maana, kwa kuwa mapepo ya kibuki asili yao ni Bukini, yaani Madagaska, na lugha yao ni ya huko.

Kesho yake nikajifungia chumbani nikasikiliza, nikavunjika moyo. Sauti ilikuwa imepasuka toka mwanzo hadi mwisho. Redio zile zilikuwa na kipaza sauti kidogo cha ndani kinachojirekebisha chenyewe: pakiwa kimya kinajivuta juu hadi unasikia watu wakikohoa, ngoma ikipigwa kwa nguvu kinaporomoka. Kwa hiyo kila pigo la kayamba lilimeza uimbaji mzima, halafu uimbaji ukarudi taratibu, kama mtu anayeibuka kutoka majini. Akodiani ilikuwa nyuki ndani ya kopo. Nilijua sauti ya Bibi imo mle, maana alikuwa akianzisha nyimbo, lakini sikuweza kuitenga na za wenzake. Nikaona nimeharibu. Nikarudisha kanda mahali pake, na baada ya wiki mbili mjomba akarekodi juu yake taarab kutoka redioni.

Bibi alifariki mwaka 2003. Sauti yake haikupata kunaswa mahali pengine popote.

Miaka saba baadaye nilikuwa Ujerumani nikisomea ufundi wa sauti. Mwalimu wetu wa historia ya muziki wa majaribio alikuwa na desturi ya kucheza kipande kabla ya kutaja jina lake, ili tusikilize kwanza kabla ya kuanza kuheshimu. Siku hiyo alicheza kipande cha dakika mbili hivi. Ilikuwa sauti inayoyumba, bila mwanzo wala mwisho unaoshikika, kama kitu kinachoimba mbali sana ndani ya pango. Wenzangu walikisia: sintesaiza ya zamani, upepo kwenye mabomba, kwaya iliyochezwa polepole. Mimi sikukisia chochote. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, maana ile namna ya sauti kuzama na kuibuka nilikuwa naijua, na sikuweza kukumbuka naijulia wapi.

Halafu akatueleza. Kipande kile kilitengenezwa Cairo mwaka 1944 na Halim El-Dabh, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa akisomea kilimo. Aliazima mashine ya kunasa sauti kwa waya kutoka kituo cha redio, akaenda nayo kwenye ngoma ya zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza mapepo. Aliporudi studio hakuiacha rekodi kama ilivyo. Kila sauti ya mwanadamu ina sauti ya msingi na juu yake nyingine nyingi nyembamba zinazoipa rangi. Yeye aliipunguza ile ya msingi akaziacha hizo nyembamba zitawale, akaipitisha rekodi kwenye chumba cha mwangwi chenye kuta za kusogezwa, akainasa upya. Vitabu vingi vinaanza habari ya muziki wa aina hii na Pierre Schaeffer wa Paris, aliyerekodi vichwa vya treni kwenye sahani za santuri na kuvitangaza redioni tarehe 5 Oktoba 1948. Kazi ya Cairo ilimtangulia kwa miaka minne, ikaoneshwa kwenye ukumbi wa sanaa mjini humo, halafu ikakaa miaka zaidi ya hamsini kabla kile kipande kifupi hakijatoka kwenye sidii iliyosambazwa kidogo sana.

Niliposikia neno zaar mikono ilinilegea. Zaar ipo Misri, Sudan na Ethiopia, ipo Oman na nchi za Ghuba, na sisi Unguja tuna ndugu zake. Mbali na kibuki tuna ruhani, tuna rubamba, na tuna habeshia ambayo jina lenyewe linakuambia mapepo yake yametoka wapi. Nilikuwa nimekaa darasani katika mji wenye theluji nikifundishwa mwanzo wa muziki wa kielektroniki, na mwanzo wenyewe ulikuwa wanawake waliofungiwa chumbani na ubani wao.

Nikampenda El-Dabh kwa namna ambayo sijampenda mtunzi mwingine. Nikasoma kila nilichokipata juu yake. Alikwenda Marekani mwaka 1950, akafanya kazi na Martha Graham kwenye muziki wa dansi, mwaka 1959 akatengeneza kazi zake kwenye studio ya kielektroniki ya Columbia-Princeton mjini New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Addis Ababa kufundisha chuo kikuu, na mwaka 1963 akaanzisha Orchestra Ethiopia, akikusanya wapigaji wa kinubi cha krar, zeze la masenko na filimbi ya washint kutoka makabila mbalimbali wapige pamoja. Kwa mtu aliyeanza na zaar, kwenda Uhabeshi kulikuwa kama kuufuata mto hadi kwenye chemchemi yake. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 96.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiisimulia habari ya waya ile kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Watu wa fani yangu waliniuliza ni mashine ya aina gani. Waliniuliza waya ilipita kwa kasi gani, chumba cha mwangwi kilikuwa na ukubwa gani. Sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza nani walikuwa wakiimba. Na mimi mwenyewe, mjukuu wa mteja wa kilinge, sikuwa nimejiuliza. Swali hilo lilinijia kazini, kwa mlango mwingine kabisa.

Nikiwa bado mwanafunzi nilipata kibarua kwenye hifadhi ya sauti. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha kanda za rili kwenda kwenye kompyuta kabla hazijafa. Watu wengi hudhani kanda ikifungiwa kabatini iko salama. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi, na gundi ina maisha yake. Kanda za zamani za asetati hukauka, hukunjamana, na ukifungua boksi unakutana na harufu ya siki. Zile za polyester ni ngumu kukatika, lakini baadhi zilizotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa hadi inakuwa kama halua. Waya ya chuma, kinyume chake, haina unga wala gundi. Ni nyembamba kama unywele, saa moja ya sauti inachukua zaidi ya kilomita mbili, na ikikatika unaifunga fundo, unapunguza ncha na kuendelea. Ila ikishaponyoka kwenye bobini yake ikajisokota, ndiyo basi. Nilipewa waya iliyojisokota ya namna hiyo mara moja, nikakaa nayo siku nne kwa kibano na taa, nikaokoa dakika tisa.

Siku ninayotaka kuisimulia, lilikuja boksi kutoka nyumba ya mtunzi aliyefariki, mtu ambaye hakupata kutoa hata santuri moja maishani mwake. Rili kumi na mbili, nyingi hazikuandikwa kitu. Moja ilikuwa na tarehe tu. Fundi mkuu alikuwa ametoka. Mimi nilishaisoma sheria ya kazi: kanda usiyoijua huichezi, kwanza unaikagua, unaipima, unaiuliza ni ya kiwanda gani. Lakini nilikuwa na shauku iliyokuwa kama njaa. Nilijua kwamba hakuna mtu aliye hai aliyewahi kusikia kilichomo. Nikaipachika nikabonya.

Kwa nusu dakika ilitoka sauti ya ajabu, nzito, kama kengele zinazopigwa chini ya maji. Kisha mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kanda inayonata kwenye vichwa. Hapo ningesimamisha. Badala yake nikafikiri nitairudisha nyuma haraka nianze upya, na hilo ndilo kosa lenyewe. Nilipoitazama, vichwa vya mashine vilikuwa na tope la kahawia, na kwenye kanda palikuwa na madirisha, sehemu unazoona mwanga upande wa pili. Ule unga wa kahawia ndio ulikuwa muziki. Nusu dakika ile ya kengele nimeisikia mimi peke yangu duniani, na nimeisikia vibaya.

Fundi mkuu aliporudi hakunipigia kelele. Alisafisha vichwa kwa pamba na spiriti, kimya, akaiweka kanda kwenye joko dogo la nyuzi 54 kwa saa nane ili unyevu utoke kwenye gundi. Kesho yake ikacheza kwa utulivu, ila pale nilipopaharibu. Baada ya kuokwa hivyo kanda hukupa siku au wiki chache tu kabla haijarudi kunata, kwa hiyo unainakili mara hiyo hiyo. Alichonifanyia ni kunipa fomu ya kumbukumbu aniambie niandike nilichofanya, kwa saa na dakika, na jina langu. Fomu hiyo imeunganishwa na ile kazi hadi leo. Atakayeisikiliza baada yangu atajua kwamba shimo lile si la mtunzi.

Nilipokuwa nikiandika jina langu ndipo nilipofikiri juu ya majina. Katika boksi lile mtunzi alikuwa na jina, mrithi alikuwa na jina, mharibifu alikuwa na jina. Kwenye kanda mojawapo palikuwa na sauti ya mwanamke akihesabu na kucheka, na kazi nzima ilikuwa imejengwa juu ya kicheko chake kilichokatwa vipande vipande. Yeye hakuandikwa popote. Nikarudi nyuma kwa fikra hadi Cairo, kwenye chumba chenye ubani.

Tangu hapo nikawa nasikiliza kwa sikio jingine. Mwaka 1958 huko Brussels, kampuni ya Philips ilijenga banda la maonyesho ya dunia lililochorwa na Iannis Xenakis kwenye ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, na ndani yake kazi ya mtunzi Edgard Varèse ilikuwa ikitembea ukutani kupitia mamia ya spika. Wanafunzi wa fani yetu huifundishwa kama kilele. Maonyesho hayo hayo yalikuwa na kijiji cha Wakongomani waliowekwa nyuma ya uzio watazamwe na wapita njia, hadi wakachoka na dharau wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Banda la Varèse limeandikiwa vitabu, na spika zake zimehesabiwa. Kijiji nilikijua kwa bahati, kupitia rafiki wa Lubumbashi ambaye kwao habari hiyo haijasahaulika.

Hata wale wa ndani ya fani hawakuwa salama. Delia Derbyshire alitengeneza kwa mikono yake, kwa kukata na kuunganisha kanda, sauti za BBC ambazo kila Mwingereza anazijua, na kwa miaka mingi kazi zile zilitajwa kwa jina la idara tu. Alipofariki mwaka 2001 zilikutwa kanda 267 darini mwake. Leo ziko Manchester. Nikifikiria dari ile nafikiria joto la kiangazi na baridi ya Januari vikipokezana juu ya kanda zile, na moyo unanienda mbio hata kama najua zimeshaokolewa.

Kitu kingine nilichojifunza ni kuacha kuogopa sauti iliyopasuka, na hilo alinifundisha Mkongomani. Mawangu Mingiedi alikuwa Kinshasa akipiga likembe, ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na mji ulipokuwa na kelele kumzidi, alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za magari chakavu akaipitisha likembe kwenye spika kubwa. Ilitoka imepasuka. Hakuirekebisha. Yeye na wenzake wa Konono No.1 waliufanya mpasuko ule kuwa sehemu ya muziki, na rekodi yao iliyonaswa mwaka 1978 ilitoka Ufaransa kwenye santuri ya kampuni ya OCORA mwaka 1986, ikawa ni kitu cha kutafutwa kwa tochi, hadi mwaka 2004 ilipotoka albamu yao Congotronics na dunia ya muziki wa majaribio ikashangaa kuna watu walikuwa wakifanya hayo siku zote. Nilipoisikia nililia, na sijui kumweleza mtu kwa nini zaidi ya kusema kwamba nilikumbuka kaseti. Ningeitunza! Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imenasa barabara kabisa jinsi ngoma ile inavyosikika kwa mtoto aliyesimama nyuma ya ukuta.

Na kwa wanaotengeneza muziki huu leo kwetu, ningependa zaidi ya yote wasikilize kazi ya Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji wa benga. Mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, aliyoijenga kutokana na rekodi za kikoloni zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hajaribu kuzipamba. Anaziacha zipumue ndani ya mvumo mrefu, na unasikia jinsi zilivyokaa mbali na kwao. Huyo huyo ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake. Naona hizo ni kazi mbili za mkono mmoja.

Mwaka 2016 nilirudi nyumbani nikiwa na kinasa sauti kizuri na vipaza sauti viwili. Nilikwenda kwa bi mkubwa wa kilinge kile, ambaye sasa alikuwa mzee sana na macho yamepungua nuru.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtaja Bibi. Akanishika mkono akaupapasa kana kwamba anatafuta kitu kwenye vidole. Nilimwambia nimekuja kuomba, wala sikumficha lile la mwaka 1995. Akasema, "Tulijua. Ile redio ilikuwa ikilia kila kanda ikifika mwisho. Bibi yako ndiye aliyesema mwacheni."

Alinipa masharti yake siku tatu baadaye, baada ya kushauriana na wenzake. Nikae ndani, mkekani, si nyuma ya ukuta. Nizime mashine kila akiinua mkono. Pepo akishapanda, yeye ndiye atakayeulizwa, si kiti chake, yaani yule aliyepandwa. Kila mmoja ataje jina lake mwenyewe mwanzoni mwa kanda, na asiyetaka asitaje na aheshimiwe. Nakala ya kwanza ibaki kwake. Akaniuliza, "Na hao wa Ulaya watazifanya nini?" Nikamwambia baadhi yao watataka kuzikata na kuzibadilisha, kama alivyofanya yule kijana wa Cairo, na nikamchezea zile dakika mbili kwenye simu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipokwisha akataka irudiwe. Mara ya pili alianza kupiga kofi moja moja kwa kiganja juu ya paja, akitafuta mwendo wake, akaupata.

"Hawa wamo kazini," akasema. "Kawatia ndani ya mtungi, lakini wamo kazini." Akanyamaza kidogo. "Kina nani hawa?"

Nikamwambia majina yao hayakuandikwa.

Ngoma ilikuwa Jumamosi. Nilinasa saa tatu na dakika kumi, na mara nne aliinua mkono nikazima. Katika moja ya vipindi hivyo waliimba wimbo ambao mwanamke aliyeketi karibu nami alinong'ona kuwa ulikuwa ukianzishwa na Bibi. Nilisikiliza mashine ikiwa mapajani mwangu imezimwa, taa yake nyekundu haiwaki. Mwanzoni mwa kanda kuna wanawake kumi na tisa wanaotaja majina yao, mmoja baada ya mwingine, na wawili walionyamaza: nafasi zao nimeziacha kama zilivyo, sekunde tatu na sekunde tano.